Viti maalumu (Tanzania)

Viti maalumu ni nafasi za uwakilishi ambazo sheria za Tanzania zimezitenga kwa ajili ya wanawake katika Bunge, katika halmashauri za wilaya na miji, na kwa namna yake pia katika halmashauri za vijiji. Mwenye nafasi hiyo katika ngazi za juu huitwa mbunge au diwani wa viti maalumu. Nafasi hizo ziliwekwa kwa sababu wanawake, ingawa ni zaidi ya nusu ya wakazi wote wa nchi, walichaguliwa majimboni kwa nadra sana.

Jina ni moja, lakini njia za kukifikia kiti hazifanani. Katika kijiji, mwanamke huchaguliwa na majirani zake. Katika wilaya na katika Bunge, jina lake hutoka kwenye orodha ya chama. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha mabishano mengi kuhusu viti hivi, kuliko hata idadi yake. Makala hii inaifuata kwa kuanzia mahali pamoja, yaani Mbwera.

Mbwera

Mbwera ni eneo lenye vijiji viwili, Mbwera Mashariki na Mbwera Magharibi, ndani ya delta ya mto Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Zamani eneo hili lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji, kabla Kibiti haijamegwa na kuwa wilaya yake. Wakazi hulima mpunga na kuvua samaki na kamba. Wamezungukwa na msitu mkubwa wa mikoko, ambao katika delta nzima una eneo la hekta 50,000 hivi. Usafiri ni wa mtumbwi na boti, na saa ya kuondoka huamuliwa na maji kujaa na kupwa. Kwenda makao makuu ya wilaya mjini Kibiti ni kuvuka kwanza kwa chombo hadi bara, kwa mfano Nyamisati, kisha kushika barabara.

Umbali huo una maana katika siasa. Mjumbe wa kijiji hutembea kwa miguu kwenda kikaoni. Diwani wa delta hutafuta nauli ya boti na mahali pa kulala. Mwanamke ambaye msimu wa mpunga hushinda shambani akiamia ndege, na ambaye ana watoto nyumbani, hulipa zaidi kwa safari hiyo kuliko mwanamume, hata kama sheria inawahesabu sawa.

Ngazi ya kijiji

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inataka halmashauri ya kijiji iwe na wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, na wanawake wasipungue robo yao. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wakazi wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Wenyeviti wa vitongoji huingia kwa cheo chao. Wajumbe waliobaki huchaguliwa pia na wakazi, nao hupigiwa kura katika makundi mawili: kundi mchanganyiko, lililo wazi kwa wanaume na wanawake, na kundi la wanawake pekee. Uchaguzi wa namna hii ulifanyika nchini kote tarehe 27 Novemba 2024.

Mwanamke hazuiwi kugombea katika kundi mchanganyiko, wala hazuiwi kugombea uenyekiti wa kijiji. Hatari ya kutenga kundi ni kwamba watu huanza kulitazama kuwa ndiyo sehemu yake ya pekee. Mwanamke akijitokeza kugombea uenyekiti huambiwa kwamba wanawake tayari wana viti vyao. Robo iliyowekwa na sheria iwe sakafu hugeuka kuwa dari.

Halmashauri ya kijiji ina kazi nzito. Ina kamati tatu za kudumu: ya fedha, uchumi na mipango, ya huduma za jamii na shughuli za kujitegemea, na ya ulinzi na usalama. Inasimamia ardhi ya kijiji na kuigawa kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa watu wa delta hilo ndilo jambo la maisha, kwani ardhi inayofaa mpunga ni chache, na mikoko ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Mpaka kati ya shamba la mpunga na msitu wa mikoko umekuwa chanzo cha ugomvi wa miaka mingi kati ya wakulima na maofisa wa misitu. Kijiji hakina mamlaka ya kugawa kilicho ndani ya hifadhi, hivyo kinachobaki hugombewa zaidi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inagusa suala hilohilo. Inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Pia inaunda Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, ambao watatu kati yao ni lazima wawe wanawake. Majina yao hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Hapa nafasi iliyotengwa ina uzito unaoonekana kwa macho. Mjane anayedai sehemu ya shamba aliloliacha marehemu mumewe hupeleka shauri lake mbele ya baraza ambalo kisheria haliwezi kuwa la wanaume watupu. Baraza hilo kazi yake ni kusuluhisha, na asiyeridhika anaweza kwenda mbele zaidi, lakini migogoro mingi ya mashamba ya kijijini haivuki hapo.

Kuna kizuizi kimoja ambacho hata katika ngazi hii hakiondoki: mgombea lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na adhaminiwe nacho. Tanzania hairuhusu mgombea binafsi. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini limeendelea. Kwa hiyo mwanamke wa Mbwera anayeheshimiwa na kijiji kizima hawezi kuingia katika halmashauri ya kijiji bila chama kumkubali kwanza. Hata hivyo, baada ya chama kumkubali bado anasimama mbele ya majirani, na ndio wanaosema mwisho.

Ngazi ya wilaya

Katika halmashauri ya wilaya kila kata huchagua diwani mmoja. Juu ya hao huongezwa madiwani wanawake wa viti maalumu, wasiopungua theluthi moja. Hawapigiwi kura na wananchi. Vyama hupeleka majina, na viti hugawanywa kwa kufuata ushindi wa vyama katika uchaguzi wa madiwani.

Katika Chama cha Mapinduzi (CCM) kura za kwanza hupigwa ndani ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania (UWT), kisha vikao vya chama huamua. Mgombea anapaswa kujulikana na wajumbe wa umoja huo katika wilaya nzima, na hilo tena ni suala la nauli. Anayeishi karibu na barabara kuu ya Kibiti huwafikia wajumbe wengi kwa siku moja. Anayetoka delta husubiri maji.

Diwani wa viti maalumu ana haki ya kusema na kupiga kura katika baraza la madiwani sawa na wenzake. Moja ya mambo yanayopita katika halmashauri ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inafaa kulinganisha mgawanyo huo na ule wa viti. Katika fedha, sheria imetambua makundi matatu. Katika viti imetambua moja tu. Mtu mwenye ulemavu anatajwa anapokopa, hatajwi anapotaka kuwakilisha.

Bunge

Ibara ya 66 ya Katiba ya mwaka 1977 inataja aina za wabunge. Wapo wa majimbo, watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu, wasiozidi kumi wanaoteuliwa na Rais, na Spika ikiwa hakuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Wanawake wa viti maalumu wanatakiwa wasipungue asilimia 30 ya hao wote waliotajwa.

Asilimia hiyo huwachanganya watu wengi. Haihesabiwi kutoka kwa jumla ya Bunge bali kutoka kwa wabunge wengine, tena ni kiwango cha chini. Mwaka 2010 kulikuwa na majimbo 239. Ukiongeza watano wa Zanzibar, kumi wa Rais na Mwanasheria Mkuu unapata 255, na viti maalumu vikawa 102, yaani asilimia 40 ya 255. Mwaka 2015 majimbo yalifika 264 na viti maalumu 113, na idadi hiyo ikabaki mwaka 2020. Kati ya nafasi 393, hizo 113 ni chini kidogo ya asilimia 29.

Kwa mujibu wa ibara ya 78, viti hugawanywa kati ya vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura zote halali za wabunge, kwa uwiano wa kura. Mwaka 2020 CCM ilipata viti 94 na CHADEMA 19. Mpiga kura wa Mbwera anapoweka alama kwa mgombea ubunge wa jimbo la Kibiti, kura yake hiyo moja huhesabiwa mara mbili: mara ya kwanza kwa mgombea, na mara ya pili kwa chama katika hesabu ya viti maalumu. Majina ya wanawake hao hayapo kwenye karatasi yake.

Jimbo la Kibiti lilichagua wanaume katika chaguzi tatu mfululizo: Abdul Marombwa mwaka 2010, Ally Seif Ungando mwaka 2015 na Twaha Mpembenwe mwaka 2020. Kwa miaka hiyo wanawake wa Mkoa wa Pwani walionekana bungeni hasa kupitia viti maalumu. Mmoja wao, Subira Mgalu, alikuwa Naibu Waziri wa Nishati kuanzia mwaka 2017 hadi 2020.

Mbunge wa viti maalumu hupiga kura bungeni kama mwingine yeyote na anaweza kuwa waziri. Lakini hawezi kuwa Waziri Mkuu, kwa sababu Katiba inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Mfuko wa kuchochea maendeleo ya jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, humfuata mbunge wa jimbo peke yake. Mwananchi anayetaka bati za shule au mashine ya boti ya wagonjwa hujifunza upesi ni mbunge yupi wa kumwendea.

Historia

Kutenga viti kulianza nchini kabla ya uhuru, na wakati huo hakukuwa kwa ajili ya wanawake. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, Tanganyika ilikuwa na majimbo kumi, na kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuwapigia watu watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake iliharibika. Haki ya kupiga kura yenyewe ilikuwa na masharti, kama vile kipato cha pauni 150 kwa mwaka au elimu ya darasa la nane, hivyo wakulima wa delta karibu wote walibaki nje.

Wanachama wengi wa TANU waliona mpango huo wa kura tatu ni tusi, kwani uliwapa watu wachache sana viti sawa na mamilioni. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 uliamua, baada ya mabishano makali, kushiriki hivyohivyo. Julius Nyerere aligombea katika Jimbo la Mashariki, ambalo Rufiji ilikuwa sehemu yake. TANU iliunga mkono Waasia na Wazungu waliokubaliana nayo, ikashinda pande zote tatu. Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba wanawake watatu, Sophia Mustafa, Lady Chesham na Barbro Johansson, waliingia barazani kupitia viti hivyo vya Waasia na Wazungu.

Mwaka 1960 baraza lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa: 50 vya wazi, 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Kufikia uchaguzi wa 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, viti vya rangi havikuwapo tena.

Uchaguzi huohuo wa 1965 unakumbukwa Rufiji kwa jambo lingine. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU aliyewaingiza maelfu chamani na kusimama jukwaani pamoja na Nyerere nchi nzima, aligombea huko na kushindwa. Si haki kueleza kushindwa kwake kwa sababu ya jinsia yake peke yake, kwani mawaziri kadhaa wanaume nao walianguka mwaka ule. Hata hivyo, ikiwa mwanamke mashuhuri kuliko wote nchini hakuweza kushika kiti cha jimbo, wanawake wengine walikuwa na matumaini madogo.

Viti 15 vya wanawake vilianza katika uchaguzi wa 1985. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, Katiba iliweka asilimia 15, na baada ya uchaguzi wa 1995 wanawake 37 waliingia kwa njia hiyo. Mwaka 2000 walikuwa 48, na mwaka 2005 walikuwa 75. Majimboni mwendo ulikuwa wa polepole: wanawake 8 walishinda mwaka 1995 na 12 mwaka 2000. Hata mwaka 2015 walikuwa 25 hivi, chini ya mmoja kati ya majimbo kumi.

Mwenye kiti na chama chake

Mbunge yeyote Tanzania hupoteza ubunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Mbunge wa jimbo aliyefukuzwa anaweza angalau kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo akiwa na chama kingine. Wa viti maalumu hana pa kurudi, na chama huleta jina jingine.

Hilo lilionekana Julai 2017, wakati CUF ilipokuwa imegawanyika. Wabunge wanane wa viti maalumu walivuliwa uanachama na upande mmoja wa chama, wakapoteza ubunge, na wengine wakaapishwa mahali pao.

Tukio la Novemba 2020 lilikwenda kinyume kabisa. Wanawake 19 wa CHADEMA, wakiongozwa na Halima Mdee, waliapishwa na Spika Job Ndugai. Uongozi wa chama ukasema haukupeleka majina yao, ukawafukuza siku chache baadaye. Baraza Kuu la chama lilikataa rufaa zao Mei 2022. Wao walikwenda mahakamani na wakaendelea kukaa bungeni hadi kipindi kilipokwisha mwaka 2025. Kwa miaka mitano Bunge lilikuwa na wabunge 19 ambao hawakupigiwa kura na jimbo lolote na ambao chama walichohesabiwa kukiwakilisha kiliwakana. Wako waliosema chama hakipaswi kuwa na uwezo wa kumng'oa mbunge, na wako waliosema bila chama kiti hicho hakina mwenyewe. Kwa jinsi Katiba ilivyoandikwa, hoja ya pili ni ngumu kuijibu.

Upande wa pili wa hesabu ni wale waliopitia viti maalumu kama ngazi. Halima Mdee mwenyewe aliingia kwa viti maalumu mwaka 2005 na kushinda jimbo la Kawe mwaka 2010. Ummy Mwalimu alitoka viti maalumu hadi jimbo la Tanga Mjini. Samia Suluhu Hassan alianza mwaka 2000 kama mjumbe wa viti maalumu katika Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, akawa mbunge wa Makunduchi mwaka 2010, Makamu wa Rais mwaka 2015 na Rais mwaka 2021. Mwanamke wa kwanza kushika urais wa nchi alianza safari yake kwenye kiti ambacho watu wengi hukidharau.

Mapendekezo na mifano ya jirani

Rasimu ya kwanza ya Katiba iliyotolewa Juni 2013 na tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza kufuta viti maalumu. Badala yake kila jimbo lingechagua watu wawili, mwanamke na mwanamume, wote kwa kura za wananchi, na Rais angeteua wabunge watano wenye ulemavu. Katiba Inayopendekezwa ya mwaka 2014 ilishika wazo la usawa wa idadi, lakini kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika.

Kenya, kwa Katiba ya 2010, ina wanawake 47 katika Bunge la Taifa, mmoja wa kila kaunti, na kila mmoja hupigiwa kura na wakazi wote wa kaunti, wake kwa waume. Anaomba kura kama gavana anavyoomba. Hata hivyo Kenya haijatimiza sharti la Katiba yake kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Bunge halikuvunjwa. Uganda ina mbunge mwanamke wa kila wilaya, na pia viti vya vijana, wafanyakazi, wazee, jeshi na watu wenye ulemavu. Rwanda imetenga viti 24 kati ya 80 kwa wanawake, na kwa kuwa wengine hushinda kwenye orodha za kawaida, wamepita nusu ya wabunge. Burundi imekwenda njia isiyofuatwa na majirani wengine: Katiba ya 2005 iligawa Bunge la Taifa kati ya Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, ikawapa Watwa viti vitatu.

Mfumo wa Kenya ukihamishiwa Pwani, mwanamke anayetaka kiti cha mkoa angelazimika kupanda boti hadi Mbwera kuomba kura. Chini ya mfumo wa sasa wa Tanzania halazimiki, kwa kuwa wajumbe wanaoamua jina lake wako kwingine. Kabla ya uchaguzi wa 2025 majimbo yaliongezwa kutoka 264 hadi 272, lakini namna ya kuwapata wabunge wa viti maalumu haikubadilishwa.